Baba Alijibu Kila Salamu

Kazi yangu, nikimweleza mtu wa Kaagya, kijijini kwetu, huisha kabla hajamaliza kumenya ndizi moja. Mtu anajaza fomu kwenye simu yake, anaandika anwani ya barua pepe, na kabla fomu haijaondoka programu yangu inaitazama ile anwani na kusema inafaa au haifai. "Basi?" shangazi yangu aliwahi kuniuliza. Nikamwambia basi. "Na hicho ndicho walichokusomeshea?" Akaendelea na ndizi zake.

Naifanyia kazi hiyo chumbani kwangu Hamugembe, mjini, dirisha likitazama migomba ya jirani. Kampuni iko mbali, na mkuu wangu simjui ila kwa sauti. Nilipoajiriwa, anwani zilikuwa zinakaguliwa na mstari mmoja mrefu wa mabano, nyota na alama za mkwaju, ulioandikwa na mtu aliyeacha kazi kabla yangu, na hakuna aliyethubutu kuugusa. Uliwakataa watu wazima wenye anwani zao halali na kupokea upuuzi mtupu. Nikautoa, nikaweka laibrari ndogo. Sisi wa kazi hii tunaiita laibrari ingawa haina kitabu hata kimoja. Ni kifurushi cha programu ambacho mtu mwingine, mahali pengine, ameshaumiza kichwa kukiandika, na wewe unaazima. Unaipa anwani, inakujibu kweli au si kweli. Kwanza inatazama umbo: alama ya @ iwe moja, kuwe na kitu mbele yake na kitu nyuma yake, kusiwe na nafasi katikati, nukta isikae mwishoni. Kisha inauliza mtandaoni kama hilo jina lililo baada ya alama lipo, na kama linapokea barua. Hayo yote huyamaliza kabla hujapepesa jicho, na hapo ndipo uwezo wake unapokoma. Kama kuna mtu anayelifungua hilo sanduku, haijui. Kulijua hilo kuna njia moja tu: unatuma ujumbe wenye kiungo, unasubiri mtu akibonyeze.

Ili kuijaribu nilihitaji anwani ya kweli yenye mtu wa kweli, na niliyoijua kwa kichwa ilikuwa ya baba. Nilimfungulia mwenyewe alipostaafu ualimu. Kila nilipobadilisha kitu kwenye programu, ujumbe ulimfikia: "Habari. Tafadhali bonyeza hapa kuthibitisha anwani yako." Mtu mwingine angekasirika. Baba alibonyeza, kisha akajibu, na kwa kuwa ilikuwa mashine yangu ya majaribio, majibu yaliingia kwangu. "Habari ni njema, mwanangu. Nimebonyeza kama ulivyoagiza. Huku mvua imenyesha na mibuni imechanua. Wasalimie wa huko."

Nilimweleza kwamba si mimi niliyeandika, ni mashine. "Na hiyo mashine imetumwa na nani?" akaniuliza. Nikasema na mimi. "Basi," akasema, kwa ile sauti ya kufunga somo.

Kwetu salamu haiachwi chini. "Orairota," mtu anakuuliza asubuhi, umelalaje, na hapo ndiyo kwanza mnaanza. Watafuata watoto, mifugo, migomba, mvua, wagonjwa wa jirani, na kila swali lina jibu lake. Aliyelelewa vizuri huyajibu yote mpaka mwisho hata kama nyumba inaungua. Baba alilelewa vizuri kupita kiasi. Alikuwa akisimamisha baiskeli kumsalimia mtoto wa darasa la kwanza.

Mama alipofariki tulimzika kibanjani, kwenye shamba la nyumbani, nyuma ya nyumba, kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Watu walikaa nasi, wakaondoka. Mimi nilirudi Hamugembe, kaka yangu akarudi Muleba kwenye duka lake la vifaa vya ujenzi, na baba akabaki Kaagya na mama mmoja jirani aliyekuja kumpikia. Tangu hapo niliishi nikiwa na ganzi. Sikuwa na huzuni ya kusimuliwa, wala sikuwa na furaha. Nilikula, nilifanya kazi, nilikwenda kanisani na kuimba nyimbo zote bila kusikia hata moja.

Mabadiliko ya baba niliyaona kazini kwanza. Nilikuwa nimeongeza toleo jipya la ile laibrari, nikatuma ujumbe kama kawaida, na baadaye nikafungua kompyuta kutazama. Anwani: sahihi. Umbo sawa, jina lipo, barua zinapokelewa. Uthibitisho: haujafanyika. Nikajua nimeharibu kiungo. Nilitumia asubuhi nzima kutafuta kosa langu, nikausoma kila mstari nilioandika, kwa sababu katika kazi hii kosa huwa ni lako mpaka ithibitike vinginevyo. Kiungo kilikuwa kizima. Ndipo nikafungua sanduku la majibu. "Habari ni njema, mwanangu. Huku mvua imenyesha na mibuni imechanua."

Ilikuwa kiangazi. Vumbi la Hamugembe lilikuwa limekaa mpaka kwenye sahani, na kahawa ilikuwa inachumwa.

Nikatuma mwingine. Jibu likaja lile lile, neno kwa neno, na hakuna kilichobonyezwa. Ningependa kusema nililia. Nilifunga kompyuta nikaosha vyombo, na vilipokwisha nikaosha vilivyokuwa safi.

Nilikwenda Kaagya. Baba alinipokea mlangoni, kanzu safi, koti juu yake, akanisalimu kwa Kihaya kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kuruka kitu. Aliniuliza habari za mjini, za kazi, za afya. Akanikaribisha, akaleta kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna ambacho kila mgeni lazima apewe, nikachukua punje mbili. Tukakaa. Baada ya muda mfupi akainuka, akaleta kikapu, akanikaribisha. Nikachukua. Akakirudisha, akakaa, akaniuliza habari za mjini. Nilipoondoka nilikuwa nimekwisha tafuna kahawa nyingi kuliko niliyowahi kutafuna kwenye harusi yoyote.

Nikamfuata yule mama jikoni. Nilimuuliza kama hakuona kitu.

"Mzee yuko salama, waitu," alisema. "Jana tu kaniuliza mpaka habari za ng'ombe wangu."

"Mama, una ng'ombe?"

"Walikufa zamani. Lakini si ameuliza?"

Hakuwa anatania. Kwake mtu mzima ni yule anayeuliza hata habari za ng'ombe waliokufa. Kijiji kizima kilikuwa na kipimo hicho, na baba alikipita kila asubuhi barabarani. Mtu akimsalimu anajibu, akijibu anauliza, akiuliza anasubiri jibu. Umbo lote lilikuwa mahali pake. Nilisimama pale jikoni nikaiona laibrari yangu ikiwa imevaa kitenge na kushika mwiko, ikinijibu kweli.

Kaka alikuwa mgumu zaidi. Kila jioni akifunga duka alimpigia baba, na kila jioni baba alimjibu vizuri.

"Nimeongea naye sasa hivi," alinijibu siku niliyompigia. "Yuko timamu kuliko wewe."

"Mliongea nini?"

"Tumesalimiana."

"Na baada ya kusalimiana?"

"Mdogo wangu, hizo kompyuta zitakuharibu. Baba ni mzee. Mzee husahau."

Nilimwambia kaka kwamba baba asikae peke yake, aende kwake Muleba kwenye nyumba yenye watu, kwa sababu mimi nina chumba kimoja na nashinda nimekiinamia kioo. Hapo ndipo alipokasirika kweli. Baba hatoki kibanjani kwake akiwa hai, alisema. Pale amezikwa mama, pale kazikwa babu. Ukimtoa mzee kwenye migomba yake umemzika kabla ya wakati, na watu watasema watoto wamemfukuza ili wagawane shamba. "Na watakayemsema ni mimi," aliongeza, "mimi ndiye mkubwa." Sikumlaumu. Ndivyo wangesema, na ningekuwa jirani ningekuwa wa kwanza kusema. Lakini nilikuwa nimekwisha kuona jiko la kuni ambalo baba aliliwasha mwenyewe kwa ajili ya wageni aliodhani wanakuja, kuni zimetoka nje mpaka kwenye nyasi kavu za sakafuni, na yule mama akizima kwa ndoo huku akimsifu mzee kwa ukarimu. Mara nyingine asingekuwepo. Hilo nilimweleza kaka pia. Akasema wageni ni baraka.

Baada ya hapo baba alipotea. Alipanda bodaboda barabarani, akamsalimu dereva, akamuuliza habari za wazazi wake kwa majina yao, akaagiza apelekwe Kahororo, kwenye shule aliyofundisha alipokuwa kijana. Dereva alimpeleka kwa heshima zote. Walinzi wa getini nao walimpokea kwa heshima zote, wakampa kiti, na pale alikaa mpaka jua likapungua akisubiri kengele ya vipindi. Ni mwalimu mmoja aliyemfahamu aliyenipigia simu, na hata yeye alianza kwa kusema mzee hana tatizo lolote, amekuja kututembelea tu. Nilipofika baba alikuwa anaulizwa habari na watoto waliomzunguka, naye akiwajibu mmoja mmoja. Nilimshika mkono, tukarudi. Hakuuliza tunakwenda wapi.

Nikampeleka hospitali mjini. Daktari alikuwa kijana mwenye subira. Alimpa baba maneno matatu ayashike: jembe, kanisa, ndizi. Akazungumza naye mambo mengine, mvua, wajukuu, kisha akamwomba amrudishie yale maneno matatu. Nilikijua kipimo hicho. Kazini tunafanya hivyo hivyo: unamtumia mtu kitu, unangoja akirudishe, na akikirudisha unajua yupo. Baba alimtazama daktari kwa upole mkubwa. "Mungu akubariki, mwanangu," alisema. "Akupe maisha marefu, na wazazi wako awape afya." Daktari akaitika amina, akasubiri tena. Baba akamuuliza habari za nyumbani kwao.

Daktari aliniambia ugonjwa, akaniambia hautapona, na akaniambia asiachwe peke yake. Nilisikiliza yote vizuri. Nilimshukuru, nikanunua dawa alizoandika, nikamnunulia baba soda. Nilimpigia kaka nikiwa bado kwenye benchi la hospitali.

"Hakusikia swali," kaka alisema. "Unajua masikio yake."

"Habari za nyumbani kwa daktari alizisikia."

"Daktari wa siku hizi, kila mzee kwake ni mgonjwa."

"Kaka, mficha maradhi kifo humuumbua."

"Usinitolee methali," alisema. "Mimi ndiye niliyekufundisha hiyo." Na ni kweli, alinifundisha yeye, tukiwa wadogo, nilipoficha homa nisikose kwenda shule. Akakata simu. Nilibaki nimeishika, na baba akanigeukia akaniuliza habari za mjini.

Wiki zile zile mkuu wangu wa kazi alitaka tuondoe ujumbe wa kuthibitisha. Watu wengi wanaanza kujiandikisha, alisema, wanatumiwa kiungo, hawarudi, na tunawapoteza. Si tuna laibrari? Laibrari imesema anwani ni sahihi. Sahihi ni sahihi. Wakati mwingine ningebishana naye mpaka simu ipate joto. Nilikuwa mbishi, watu wa kazini watakwambia. Ningemweleza kwamba kujibiwa kweli na mashine ni kuambiwa mlango upo, na mlango haujakuambia kama ndani kuna mtu. Siku ile nilisema sawa. Nikaufuta ule ujumbe pamoja na mistari yake yote, nikahifadhi, nikatuma. Fomu zikaanza kupita upesi, na mkuu wangu akanisifu mbele ya wenzangu. Sikuhisi chochote.

Sasa nilikuwa naenda Kaagya kila nilipoweza, nakaa barazani na kompyuta magotini, na mtandao ukipatikana nafanya kazi. Baba alikaa karibu yangu. Wapita njia walimsalimu, akawajibu, wakanitazama mimi kwa macho ya kuuliza kwa nini binti mzima ameacha mji kuja kumchunga mtu asiyeumwa. Mmoja alinitania kwamba nimekuja kulinda mkungu wa ndizi usiibiwe. Nilimcheka kwa adabu. Sikujua ningeweza kuendelea hivyo kwa muda gani, na nilijua siku nitakayoshindwa kuja ndiyo siku kuni zitakapotoka tena jikoni. Nilihitaji kaka aseme ndiyo. Bila yeye, mkubwa wa nyumba, hakuna ndugu ambaye angenisaidia kumtoa baba pale, na baba mwenyewe asingenifuata mbali zaidi ya lango.

Kaka alikuja Jumamosi. Tangu kahawa ianze kuchumwa hakuwa amefika, duka lilimbana. Alikuwa akisikia sauti ya baba tu. Nilisikia gari likizimwa nje ya uzio wa miti. Alikuja kwa njia ya katikati ya migomba, mfuko wa sukari mkono mmoja, mikate mkono wa pili, akitembea kama mtu aliyekuja kuthibitisha kwamba alikuwa sahihi.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," nilimtania.

"Mwenyeji haumwi," alijibu.

Baba alikuwa ameketi kwenye kiti chake. Alipomwona kaka alisimama upesi kuliko ninavyomjua. Alivua kofia. Aliteremka barazani, akasimama mbele ya mwanawe kwa hatua moja, akakutanisha mikono mbele ya tumbo, akainamisha kichwa.

"Shikamoo," alisema.

Kaka alicheka. Alidhani ni utani wa wazee, na baba zamani alikuwa mtani. Lakini baba hakuinua kichwa. Alikuwa anatazama viatu vya kaka. Kicheko kikamwishia kaka kikiwa bado mdomoni.

"Baba," alisema. "Baba, ni mimi."

"Shikamoo," baba alirudia, kwa sauti ya chini zaidi.

Akasubiri. Niliona vidole vyake vikianza kusuguana. Niliona mabega yake yakipanda kidogo, na nikaelewa kwamba anaogopa. Mtoto akimsalimu mkubwa na mkubwa asiitike, mtoto hujua amekosa, ila hajui amekosa nini. Kaka alinitazama mimi. Sikuwahi kuona uso wake ukiwa vile, hata siku ya mama.

"Mwitikie," nilimwambia.

"Siwezi. Huyu ni baba yangu."

"Kaka, mwitikie. Anasubiri."

Kuku alipita kati yao. Kaka aliinama akaweka sukari chini, kisha mikate juu ya sukari, taratibu, kama mwenye kutafuta muda.

"Marahaba," alisema.

Sauti ilimkatikia katikati ya neno. Baba aliinua uso, na uso wote ulikuwa umefunguka kwa furaha. Alivaa kofia yake, akarudi barazani, akakaa vizuri, mikono magotini, kama aliyeruhusiwa. Uchungu ulinipanda, uchungu wenyewe, ambao sikuwa nimeuonja tangu tulipomzika mama. Nilishika ukingo wa kompyuta nisianguke nao.

Kaka alisimama pale pale uani, mgongo kwetu, akiitazama migomba kwa muda. Hakufuta macho. Kisha alipanda barazani, akampita baba kwa kuinama kidogo, akaingia ndani, na nikasikia mlango wa kabati la nguo ukifunguliwa.

"Makoti yake ya baridi yako wapi?" aliniuliza kutoka ndani. "Muleba asubuhi kuna baridi."